Nauli ya Kwenda Kusailiwa

Nilimpigia simu Jumatatu jioni, muda mfupi kabla ya ofisi kufungwa. Alikuwa Kasulu, mkoani Kigoma, na jina lake lilikuwa miongoni mwa majina matano tuliyokubaliana kuyaita kwenye usaili wa kazi. Alinipa shikamoo hata kabla hajajua mimi ni nani. Nilipojitambulisha na kumweleza kwamba anatakiwa Dodoma siku ya Alhamisi, saa tatu kamili asubuhi, akiwa na vyeti halisi na kitambulisho, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu ambayo hadi leo haijaniondoka:

"Samahani mama, nauli mnarudisha?"

Nilimwambia kwamba taasisi haina utaratibu huo.

"Sawa mama, nashukuru. Ngoja niangalie uwezekano."

Hakufika. Siku ya usaili tulimsubiri kwa kadiri heshima inavyoruhusu, mwenyekiti wa kamati akaandika mbele ya jina lake kwamba hakutokea, na tukamwita aliyefuata. Katika kumbukumbu za ofisi, binti yule ni mtu aliyepewa nafasi akaiacha mwenyewe.

Wiki kadhaa zimepita na bado najiuliza ni lini hasa tulimwengua.

## Mezani

Kazi yenyewe ilikuwa moja: msaidizi wa kumbukumbu, wa kukaa masjala na kuhakikisha kila faili linalotoka linarudi. Kamati ilikuwa ya watu watatu, nami niliingizwa kwa sababu nimewahi kufanya kazi za masjala. Taasisi yetu ni ndogo na haina mfumo wa kupokea maombi mtandaoni kama ule wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa hiyo barua zilikuja kwa posta, kwa barua pepe, na nyingine zililetwa kwa mkono hadi mapokezi. Zilikuwa mamia, kwa kiti kimoja.

Atakayewahi kusoma maombi ya kazi kwa wingi atagundua jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa ajira. Baada ya muda nilianza kuzitambua steshenari badala ya kuwatambua waombaji. Iliyo karibu na chuo fulani ina mpangilio wake wa wasifu, wenye mstari wa buluu pembeni na sehemu ya mwisho inayosema kwamba mwombaji anapenda kusoma vitabu na kubadilishana mawazo. Nyingine haiwezi kuanza barua bila "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Vijana waliosoma Chuo cha Utumishi wa Umma, iwe kampasi ya Tabora, ya Mtwara au ya Singida, walifundishwa mambo yaleyale ya masjala, lakini barua zao zilitofautiana kwa sababu zilichapwa na mikono tofauti. Mjumbe mwenzetu alipotaka tutoe alama za "uwasilishaji", nilimuuliza kama alama hizo tunampa mwombaji au tunampa mwenye kompyuta aliyelipwa na mwombaji.

Alicheka, lakini alama zilibaki.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi mchujo unavyomgeuza anayeufanya. Mtu anayechambua mchele hatazami mchele. Anatafuta mawe, na macho yake yakishazoea mawe, hata punje yenye rangi isiyo ya kawaida huitupa. Nasi tulikuwa hivyohivyo. Tulipofungua bahasha hatukuuliza mtu huyu anaweza nini. Tuliuliza ana kasoro gani itakayoturuhusu kumweka upande wa pili wa meza. Huyu hakuambatisha cheti cha kuzaliwa. Yule muhuri wa wakili kwenye nakala yake haukusomeka. Mwingine jina lake la kati limeandikwa kwa herufi moja katika cheti cha kidato cha nne na kwa ukamilifu katika stashahada.

Sisemi kwamba kasoro hizo zote ni za kupuuzwa. Mtu anayeomba kazi ya kutunza kumbukumbu, kisha akasahau kusaini barua yake, ameniambia jambo la maana kuhusu kazi yenyewe. Lakini muhuri uliofifia kwenye mashine ya kunakili unaniambia kuhusu mashine tu, na herufi moja ya jina la kati inaniambia kuhusu mwalimu aliyejaza fomu za mtihani miaka mingi iliyopita. Tofauti kati ya kasoro inayohusu kazi na kasoro inayohusu karatasi ni ndogo kwa macho, na ukiwa umechoka huioni kabisa.

## Kigezo kilichozaliwa baada ya tangazo

Tangazo letu lilitaka stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na uzoefu wa mwaka mmoja. Tulipomaliza raundi ya kwanza bado walibaki wengi mno, na hapo likatoka pendekezo ambalo nina hakika hutoka katika vyumba vingi vya namna hiyo: tuongeze uzoefu uwe miaka mitatu.

Pendekezo hilo lina mantiki yake. Lazima idadi ipungue, na miaka ni kitu kinachohesabika. Hakuna atakayekuja kutulaumu kwamba tulipendelea. Afisa utumishi alilitetea kwa utulivu, na kwa muda nilikubaliana naye, kwa sababu njia nyingine iliyokuwepo ilikuwa kuanza kubishana kuhusu mtu mmojammoja, na ubishi wa namna hiyo ndio mlango ambao vimemo vya wakubwa wanaombea watu wao hupitia.

Kisha nikafikiria upande wa pili. Mtu mwenye uzoefu wa mwaka mmoja na nusu alisoma tangazo letu, akajiona yumo, akalipa steshenari, akalipa wakili, akalipa posta. Fedha hizo alizitoa kwa kuamini maneno tuliyoyachapisha wenyewe. Kumwengua kwa kigezo ambacho hakikuwa kwenye tangazo ni kubadili masharti baada ya mwenzako kulipa. Wenzetu wa utumishi wa umma wanatuzidi katika hili: nafasi nyingi za ngazi ya kuanzia zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira hazidai uzoefu kabisa, na zinapotaka sharti fulani, kama ule ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye mtumishi, sharti hilo huandikwa kwenye tangazo, likapendwa au lisipendwe.

Mwishowe tulifika mahali pa kati: hatukuongeza miaka, bali tulirudi kwenye majukumu yaliyoorodheshwa katika tangazo na kuuliza ni nani ameonyesha, kwa sentensi yake mwenyewe, kwamba aliwahi kuyafanya. Watu kadhaa waliokuwa wamewekwa pembeni walirudi mezani kwa njia hiyo. Binti wa Kasulu alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameandika, katika aya fupi isiyo na mapambo, jinsi alivyopanga upya mafaili ya wagonjwa katika kituo cha afya alikojitolea, na jinsi alivyotengeneza daftari la kuazima ili mafaili yasipotee.

Wala sidai kwamba njia hiyo ilikuwa safi. Anayejua kujieleza hupata zaidi ya anayejua kufanya, na masjala haihitaji msemaji. Hata hivyo niliona kwamba angalau sasa tunasoma.

## Kuhusu majina

Nilipendekeza tufunike majina. Wazo hilo lina sifa nzuri katika maandishi ya mambo ya ajira, na katika mji mkubwa usiofahamiana huenda likafaa sana. Kwetu lilidumu kwa nusu saa. Jina la shule ya msingi linataja wilaya, majina ya wadhamini yanataja dini na mara nyingine ukoo, na mdhamini akiwa diwani au mchungaji anayefahamika, hakuna tena kilichofichwa. Tulifunua majina na kuendelea, kila mmoja akiwa ameahidi kutaja mapema kama anamfahamu mwombaji yeyote.

## Uwanja wa Taifa

Kwa siku kadhaa baada ya usaili nilikuwa na jibu jepesi: mchujo wa karatasi ni dhuluma, waitwe wengi zaidi, wajieleze ana kwa ana. Nilimweleza rafiki yangu mmoja jibu hilo, naye akanijibu kwa maneno mawili tu: "Uhamiaji, 2014."

Wasomaji wengi wanakumbuka. Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za majukwaa yaliyojaa vijana walioshika bahasha zilizunguka kila mahali, na mazungumzo yalikuwa juu ya ukosefu wa ajira, kama ilivyostahili. Lakini kuna hesabu ambayo haikuzungumzwa sana. Kila aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa amelipa kufika. Wengine walitoka Dar es Salaam yenyewe kwa daladala, wengine walitoka mikoani, wakalala kwa ndugu au kwenye gesti, na karibu wote walirudi walikotoka bila kitu. Nafasi zilikuwa 70, na gharama ililipwa na maelfu.

Jibu langu jepesi likaanguka hapo.

Kumwacha mtu kwenye karatasi kunamuumiza, lakini hakumtoi nyumbani. Kumwita mtu ambaye uwezekano wake wa kupata ni mdogo mno ni kumtoza fedha kwa heshima. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyopokelewa yalizidi 130,000. Kwa idadi za namna hiyo, swali haliwezi kuwa kama kuna mchujo au hakuna. Swali ni mchujo ufanyike mahali gani, kwa gharama ya nani. Ndiyo maana nauona uamuzi wa kupeleka usaili wa kada zenye watu wengi mikoani, kama ilivyofanyika kwa walimu mwanzoni mwa mwaka 2025, kuwa una maana kubwa kuliko unavyosifiwa. Walimu walikuwa na malalamiko mengine mazito, likiwemo lile la kusailiwa upya baada ya kusubiri ajira kwa miaka, na sitaki kuyapunguza. Lakini kufanyia usaili mkoa unaoishi ni nauli iliyobaki mfukoni.

Taasisi ndogo inayoita watu watano ingeweza kufanya hivyo kwa urahisi zaidi kuliko Serikali inayoita maelfu. Haifanyi, kwa sababu hakuna anayeihesabu nauli hiyo.

## Wasindikizaji

Kuna jambo baya kuliko kuita wengi, nalo ni kuita wachache wakati mshindi anajulikana.

Utaratibu wa ofisi nyingi unataka idadi fulani ya wasailiwa kwa kila nafasi, na sababu yake ni njema: kuwe na ushindani. Lakini mara nyingine mtu wa ndani amekwisha kukaimu nafasi kwa muda mrefu, kila mjumbe anajua kwamba atapewa yeye, na wanne wanaoongezwa kwenye orodha wanaitwa ili jedwali lionekane limejaa. Vijana wanalijua hili vizuri. Wakitoka kwenye chumba cha usaili ambamo waliulizwa maswali mawili kwa haraka huku mjumbe akitazama saa, huambiana kwamba wamekuja kusindikiza.

Sikuona dalili hiyo katika usaili wetu, na kama ningeiona nadhani ningeondoka kwenye kamati. Nasema nadhani, kwa sababu niliwahi kuwasikia watu waungwana kabisa wakieleza kwa nini wasindikizaji ni wa lazima: mkaguzi atauliza, bodi itauliza, mwajiriwa mwenyewe atataka aonekane alishindana. Kila sababu ni ya kweli. Hakuna hata moja inayomhusu yule aliyepanda basi.

Kama mshindi anajulikana, apandishwe cheo kwa barua na wengine waachwe nyumbani kwao.

## Simu isiyoaminika

Si kila niliyempigia alinisikiliza. Mmoja, kijana aliyekuwa Morogoro, alinikatiza kabla sijafika kwenye tarehe. "Na fomu ni shilingi ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka.

Nilimwambia hakuna malipo yoyote.

"Basi vipimo vya afya?"

Hakuna vipimo pia. Alinyamaza, na nilihisi kwamba kukosekana kwa malipo kulimtia shaka zaidi, kana kwamba anasubiri nifike kwenye sehemu ya kutuma pesa. Matapeli wa ajira wameharibu kazi hii kuliko tunavyodhani. Wanatumia maneno yetu wenyewe: hongera, umechaguliwa, usaili ni kesho kutwa, tuma ya fomu kwenye namba hii, jina litatokea fulani. Wanatoa muda mfupi kwa makusudi, ili mtu asipate nafasi ya kuuliza.

Na sisi, taasisi halali, tulikuwa tumetoa siku mbili na nusu, kwa simu, kutoka namba binafsi.

Nilimwomba kijana yule anipe dakika kumi, nikaiandika barua ya wito kwenye karatasi yenye nembo, ikiwa na anuani, namba ya simu ya mezani ya ofisi na jina la nafasi kama lilivyokuwa kwenye tangazo, nikaituma kwa barua pepe ya taasisi. Alipiga simu ya mezani kuhakikisha, na alikuja. Wito wa usaili unapaswa kuandikwa hivyo tangu mwanzo. Mtu anapoamua kama akope nauli au asikope, anahitaji kitu cha kumwonyesha atakayemkopesha.

## Hali ya maisha

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi katika ajira, uwe wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja. Kifungu hicho kinamtaja mwombaji kazi kuwa sehemu ya wanaolindwa, na kinahesabu taratibu za kuajiri na vigezo vya uteuzi kuwa miongoni mwa mambo yanayohusika. Orodha ya misingi iliyokatazwa inafahamika: rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na kadhalika. Kabila limetajwa pamoja na mahali mtu anakotoka, na mwishoni mwa orodha imo hali ya maisha ya mtu.

Sisemi kwamba kutorudisha nauli ni kuvunja sheria. Mimi si mwanasheria, na sijui mahakama ingeliangaliaje jambo hilo. Nasema tu kwamba niliposoma misingi hiyo miwili ya mwisho kwa karibu, nilimfikiria mtu anayeishi Dar es Salaam ambaye, tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, anaweza kuamka kwake asubuhi, akasailiwa, na akalala kwake usiku uleule. Nikamfikiria aliye Kasulu. Basi lake huondoka alfajiri na kumfikisha Dodoma usiku. Analala gesti, anasailiwa kwa dakika ishirini au thelathini, analala tena, anarudi. Kwa makisio yangu haipungui laki moja na nusu, na anayetafuta kazi kwa kawaida ni mtu asiyekuwa na laki moja na nusu. Ndiyo maana anatafuta kazi.

Katika ukurasa wetu wa alama, hao wawili walikuwa sawa. Mmoja wao alikuwa mbele kidogo, na si wa Dar es Salaam.

Mwenyekiti wetu, ambaye namheshimu, alinipinga kwa hoja ambayo sijaipuuza. Alisema kwamba mtu anayeitaka kazi kweli hutafuta njia. Kwamba yeye mwenyewe, enzi zake, alisafiri juu ya lori la mahindi kwenda kwenye usaili wake wa kwanza. Na kwamba kufika ni sehemu ya kupimwa. Nililitafakari hilo kwa muda mrefu, kwa sababu juhudi ni sifa halisi na ofisi inaihitaji. Lakini lori lile halikupima juhudi peke yake. Lilipima pia kama una mtu wa kukuazima fedha, kama una mtoto mchanga usiyeweza kumwacha, kama wewe ni mwanamke unayeweza kupanda juu ya mzigo usiku na madereva usiowajua. Kama tunataka kupima juhudi, tuiandike kwenye jedwali na tuipime kwa wote, wakiwemo waliokuja kwa treni.

## Tangazo lijalo

Tunatarajia kutangaza nafasi nyingine kabla ya mwaka kwisha, na nimewasilisha mapendekezo matatu. La kwanza, tarehe na mahali pa usaili viandikwe kwenye tangazo lenyewe, ili mtu aombe akijua anachoahidi. Hilo limekubaliwa bila ubishi, pengine kwa sababu haligharimu chochote. La pili, mazungumzo ya awali yafanyike kwa simu kwa walio mbali, na wabaki wawili au watatu tu wa kusafiri. Hilo limekubaliwa kwa masharti, kwa kuwa afisa utumishi ana hofu kwamba kwenye simu mtu anaweza kuwa anasomewa majibu na aliyeketi pembeni yake, na hofu hiyo ni ya haki. Tumekubaliana kwamba simu itatumika kuuliza kuhusu kazi aliyokwisha kuifanya, jambo ambalo ni gumu kusomewa.

La tatu ni nauli. Nimeomba kuwe na fungu dogo katika bajeti inayoanza Julai kwa ajili ya wasailiwa wanaotoka nje ya mkoa. Mhasibu hakukataa. Aliniuliza tu fungu hilo litaandikwa chini ya kifungu gani, kwa kuwa wasailiwa si watumishi, hawawezi kulipwa posho, na si wageni wa taasisi.

Nimemwambia aliweke chini ya matangazo, palipo na fedha za kutafutia watu. Bado hajanijibu.